Hewa ya Donat

Kila asubuhi, kabla hajajitwika beseni lake la mandazi, Kasoki alipitia kwanza kwenye kibanda cha nyuma kuangalia mshale. Hakuwa anasali pale, wala hakuwa anaongea na mtu. Alisukuma mlango kwa goti, akainama, akatazama kipimo kidogo cha mviringo kilichokaa juu ya shingo ya bombone, akaona mshale umelala palepale penye alama nyekundu, kwenye nne, akatoka kwenda zake. Jioni akirudi, hivyo hivyo. Alifanya hivyo kwa miezi kumi na moja. Ungemwuliza jana alikula nini, asingekumbuka; lakini mshale ulisimama wapi, hilo angekujibu akiwa usingizini.

Nami nitakwambia mara moja ni kwa nini, maana sipendi hadithi za kumzungusha msikilizaji. Bombone ile ilikuwa mtungi wa gesi ya kupikia, lakini gesi ilishatoka zamani. Ndani mlikuwa na hewa tu. Hewa hiyo alikuwa ameitia mume wake, Donat, kwa mikono yake mwenyewe, siku ya Jumamosi. Jumatatu iliyofuata Donat akafa. Nguo zake zilipoteza harufu baada ya wiki mbili. Simu yake ilizima, na namba ya kuifungulia alikwenda nayo. Kilichobaki cha Donat mwenyewe, cha mabega yake na jasho lake, kilikuwa kimefungiwa mle ndani ya chuma, na mshale ulikuwa unasema bado kipo.

Sasa huyu Donat tumseme kidogo, hatajali. Alikuwa mtunza ghala kwenye depo ya simenti, mtu mpole, mrefu, mwenye ndevu na vumbi la kijivu kwenye nyusi ambalo hata sabuni ya Jumapili haikulimaliza. Hakunywa. Hakufuata wanawake. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hewa. Alinunua mabomba ya sindano mapya kwenye farmasi, makubwa kwa madogo, mpaka muuza dawa akaanza kumpa pole kwa mgonjwa aliye nyumbani. Mgonjwa gani? Donat aliyaunganisha mabomba yale kwa mirija ya kutundikia maji hospitalini, akaongeza valvu za matairi ya pikipiki na mbao za masanduku ya samaki, akapata mkono wa kuokota punje za mahindi. Ukisukuma hewa hapa, kule mkono unafunga vidole. Alitengeneza pia mtu wa bati anayepiga kopo la maziwa kama ngoma. Hakukuwa na faida yoyote katika vitu hivyo, na majirani zake wa mtaa wa Majengo walimwambia hivyo waziwazi. Donat aliwajibu, ndiyo, hakuna faida, akaendelea.

Mara moja tu alijaribu kuleta faida. Alimtengenezea mkewe mashine ya kukanda unga wa mandazi kwa nguvu ya hewa. Haya, Kasoki akaweka unga, Donat akafungua robine, koki ya hewa, na unga ule waliuokota juu ya kenchi za paa. Kasoki alicheka mpaka akakaa chini. Donat hakucheka. Alichukua kalamu, akaandika kwenye daftari lake: presha kubwa mno, tanki dogo mno.

Tanki. Basi hapo ndipo bombone ilipoingia. Kasoki alikuwa ameacha makala, mkaa wake wa kupikia, na kuhamia kwenye gesi, akaringa nayo mwaka mmoja na nusu, kisha gesi ikawa haipatikani, akarudi kwenye makala yake kimya kimya. Bombone ikabaki jikoni kama mgeni asiyejua kuaga. Donat aliiomba mwezi mzima. Aliiposa, nakwambia, kwa heshima zote, mpaka Kasoki akachoka na kusema ichukue basi.

Na aliichukua kwa adabu. Kulikuwa na gesi kidogo iliyosalia, na mtu wa Goma hahitaji kufundishwa kuhusu gesi inayolala chini. Tuna mazuku hapa, mashimo ya hewa ya sumu, tumeona mbuzi wanaingia kwenye shimo na hawatoki. Donat aliibeba hadi mahali peupe penye upepo, juu ya mawe ya volkano, mbali na jiko la mtu, akafungua, akakaa upande wa upepo kutwa nzima akimfukuza kila aliyepita na sigara. Kisha akaijaza maji mpaka shingoni, akamwaga, akajaza tena na sabuni, akamwaga. Ndipo akang'oa kichwa chake kwa ufunguo wenye bomba refu. Akaweka kichwa kingine: kipimo, robine, valvu ya tairi ya kutilia hewa, na valvu ya usalama ya kompresa ya zamani, ili presha ikizidi itoke yenyewe badala ya kupasua nyumba. Akaipima kwanza kwa maji, kwa sababu maji hayalipuki. Aliipaka buluu, akaandika kwa rangi nyeupe HEWA, mtu asije akakosea. Penye nne kwenye kipimo akaweka tone nene la rangi ya kucha ya mkewe. Nne ndiyo ilikuwa presha ya kumtosha mtu wa bati pamoja na mkono wa mahindi.

Jumamosi ile alipiga pampu ya baiskeli mara mia tano na kumi na mbili. Aliandika kwenye daftari. Mshale ukafika nne.

Jumatatu mji ulikuwa unapigwa. Unajua siku zile za mwezi wa kwanza, na kama hujui, shukuru. Donat alisimama mlangoni kuangalia kama tanki la maji la jirani limetobolewa. Risasi ilipita kwenye bati, ikamkuta. Wala haikuwa yake. Wiki ile watu walikuwa wengi mno wa kuzikwa, maseremala wakaishiwa na mbao, na Donat alizikwa siku ya tano kwenye sanduku ambalo mbao zake hazikufanana. Kasoki aliliona hilo, kwamba mbao hazifanani. Jambo lingine la siku hiyo halikumwingia.

Baada ya hapo alilala kwenye mkeka wa matanga karibu wiki nne. Binti yake, Daniella, alikuja kutoka Butembo njia zilipofunguka, akalia kwa niaba ya wote, akarudi masomoni. Wanawake wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaondoka. Kasoki hakulia. Si kwamba alijikaza. Alitafuta kilio kama mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, hakukipata, akaacha kutafuta. Siku alipoamka alikuta bado kuna unga, akakanda unga. Kisha akaenda kibandani, akaona mshale uko kwenye nne. Hiyo ndiyo siku aliyoanza.

Nyumbani walikuwa wamebaki wawili, yeye na mama wa Donat, Bibi Masika. Bibi huyu alikuwa na miaka sabini na mbili, mkulima wa viazi kutoka milima ya Butembo, mwenye mikono mipana na maneno machache. Alikuwa amehamia kwa mwanawe alipofiwa na mume, na sasa alikuwa amefiwa na mwanawe. Siku ya maziko hakuanguka, hakujigaragaza, hakuita jina. Kasoki alimwona na akafikiri moyoni, huyu bibi ni mgumu. Akaliacha wazo lile likae hivyo. Waliishi pamoja vizuri tu. Waliongea kuhusu chumvi, kuhusu maji, kuhusu mvua. Bibi alikuwa anaumwa bega la kulia, na baada ya chakula cha jioni Kasoki alimpaka dawa ya kuchua, kila mmoja akiangalia upande wake.

Kwenye ukoo wao kulikuwa na sharti, na sharti hilo ndilo lililomtuliza Kasoki: vitu vya kazi vya marehemu havishikwi mpaka matanga yaondolewe, mwaka ukitimia. Jembe la marehemu linabaki liliposimama. Nyundo inabaki ilipolala. Siku ya kuondoa matanga ndipo ukoo unakaa, wanakula, na vyombo vya kazi vinakwenda kwa ndugu wa kiume. Hata Kasoki hakugusa bombone. Aliitazama tu.

Ndugu wa kiume alikuwa Kasereka, mdogo wa Donat, mwenye kwado yake mtaa wa Ndosho. Anaziba matairi, anatia hewa, ana kompresa moja inayokunywa umeme, na umeme ukikatika anakaa kwenye tairi lake akiangalia wamotari na pikipiki zao wanakwenda kwa mwingine. Ni mtu mwema, Kasereka. Nasema hivyo mapema ili usimchukie bure.

Wiki mbili kabla ya matanga alifika, akavua kofia, akasalimu, akala ugali na sombe, akamsifia mpishi. Kisha akasema, "Shemeji, niko na ombi, lakini kama ni mbaya uniambie."

"Sema tu."

"Ile bombone ya kaka yangu, ya yaya Donat. Najua siku bado. Siwezi kuibeba leo. Lakini nilikuwa nafikiri, nikiipata, naijaza na kompresa wakati umeme iko, na umeme ikienda, niko na akiba. Watu hawatanikimbia tena."

Kasoki aliendelea kukusanya sahani. "Chukua drili," akasema. "Chukua na ile vaisi. Mbao zote chukua. Kompyuta ndogo ya mahesabu pia, iko nzima."

"Asante, Shemeji. Lakini drili niko nayo."

"Bombone iache."

Kasereka alimtazama mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe, kana kwamba maelezo yatatoka kule. Bibi Masika alichambua maharagwe.

"Inakusaidia kitu?" Kasereka akauliza kwa upole. Si swali baya. Mtu yeyote angeliuliza.

Kasoki alijaribu kulijibu ndani ya kichwa kwanza. Inanisaidia nini? Mna hewa ndani. Hewa ya nani? Ya marehemu. Akaisikia jinsi itakavyosikika, mwanamke mzima, mbele ya shemeji yake, na akazirundika sahani. Alijua jambo moja tu bila wasiwasi: siku bombone ikifika Ndosho, Kasereka atafungua robine ili aanze upya na hewa yake, kama fundi yeyote mwenye akili, na itatoka pssss ndani ya dakika tatu, na hapo Donat atakuwa amekwisha. Watu wote walishamzika. Yeye ndiye alikuwa hajamaliza, na kama kuna kitu alichokiogopa katika mwaka ule wa kutoogopa kitu, ni hicho.

"Matanga yakiondolewa tutaongea," akasema.

"Sawa. Sawa kabisa. Niache basi niitazame tu, nijue itahitaji nini. Sitaifungua."

"Usifungue."

"Nimesema sifungui, Shemeji. Naweka povu tu."

Watu wa kwado wana ibada yao moja, nayo ni povu. Tairi likiletwa, hawaulizi maswali. Wanalipaka maji ya sabuni na kusubiri litoe siri. Kasereka aliomba kikombe, akakoroga sabuni ya kufulia mpaka ikawa nzito, akachukua kitambaa, wakaenda kibandani. Kasoki alisimama nyuma yake karibu sana. Bibi Masika naye aliinuka na maharagwe yake, akaja kusimama kwenye mwanga wa mlango.

Kasereka alipaka valvu. Hakuna kitu. Alipaka robine, hakuna kitu, akatikisa kichwa kwa kumsifu kaka yake. Kisha akapaka shingoni, pale kichwa kilipokazwa kwenye bombone, akangoja. Povu likaanza kuota. Si kwa fujo. Tone moja dogo lilivimba, likapasuka, jingine likavimba mahali palepale.

"Ah, yaya," Kasereka akasema, akicheka kidogo kwa huzuni. "Ona. Ule utepe mweupe wa kufunga bomba, aliuzungushia upande mubaya. Ukikaza, wenyewe unajifungua. Nilimuambia mara ngapi. Mutu ya mahesabu mengi, lakini utepe unamushinda."

"Inavuja?" Kasoki akauliza.

"Polepole. Si mbaya, nitairudilia."

"Inavuja kiasi gani?"

Kasereka aliangalia povu kama daktari anavyomwangalia mtoto anayekohoa. "Namna hii, kutoka ine mpaka zero? Wiki tatu. Ikijitahidi sana, mwezi."

Kasoki alisema, "Iko kwenye nne tangu mwezi wa kwanza."

"Haiwezekani."

"Naiangalia kila siku, asubuhi na jioni."

Kasereka alikigonga kipimo kwa kucha. Mshale ukatikisika, ukarudi penye alama. Kipimo kilikuwa kizima. Aliangalia povu, akaangalia mshale, akamwangalia shemeji yake, na uso wake ukawa wa mtu anayetaka kuondoka. "Basi kuna mutu anaipompa," akasema.

"Nani aipompe? Vitu vya marehemu havishikwi."

"Pengine ni sabuni," Bibi Masika akasema kutoka mlangoni. "Sabuni za siku hizi ni mbaya."

Kasereka alipangusa shingo ya bombone kwa kitambaa, taratibu, akaaga.

Kesho yake Kasoki alifanya kila kitu kama kawaida. Alikaanga, akapanga mandazi, akapita kibandani, akaona mshale uko nne, pengine chini ya nne kwa unywele, na alama ile nene ya rangi ya kucha ikaumeza unywele huo kama ilivyoumeza kila siku. Alifika sokoni, akamwachia beseni Lucie, jirani yake wa meza, bila kueleza kitu, akageuka. Njiani hakuwa na hasira. Alijaribu kuwa nayo, kwa maana mtu aliyechezewa hivyo ana haki ya kuwa na hasira, lakini miguu ilikwenda tu juu ya mawe meusi na kichwa kilikuwa kitupu. Saa nne za asubuhi alikuwa anasukuma lango.

Kabla hajafika kibandani aliisikia pampu. Inapanda, inashuka. Na sauti ya Bibi ikihesabu kwa Kinande cha kwao, sauti ileile anayohesabia viazi.

Bibi Masika alikuwa amefunga kitenge chake juu ya magoti. Alikuwa amekanyaga pampu kwa miguu yote miwili, akiishusha kwa mikono na kifua, bega la kulia likichelewa kila mara nyuma ya lile la kushoto. Bega hilo. Kasoki alilipaka dawa mwaka mzima, na hakuuliza hata mara moja linauma kwa kazi gani.

"Mama," akasema.

Bibi hakushtuka. Alipiga mara tatu zaidi, akatazama mshale mpaka ulipofunika alama, ndipo akachomoa mpira na kunyoosha mgongo. "Umerudi mapema, Mama Daniella."

"Tangu lini?"

"Keti kwanza."

"Tangu lini, Mama?"

Bibi mwenyewe ndiye aliyekaa, juu ya sanduku la samaki. Alikuwa anahema. "Wewe ulikuwa ungali kwenye mukeka," akasema. "Nilikuja huku kutafuta kamba. Nikaona ile kitu iko zero."

"Zero."

"Zero kabisa. Ilikuwa imelala chini sawa na mutu." Alipangusa uso kwa pembe ya kitenge. "Ile Jumamosi aliniita. Mama, kuja uone, nimefika ine. Mutu mukubwa na ndevu zake, anacheka sawa na mutoto. Nikaja, nikaona ine. Sasa nakuta zero. Nikasema hapana. Kila kitu mumechukua, lakini hii pia? Hapana. Nikapompa. Siku mbili nilipompa, mpaka ikarudia mahali aliiachia."

"Na sharti?"

"Sharti ni la ukoo. Mimi nilimuzaa."

Kasoki aliegemea mlango. Aliitazama bombone ya buluu, na neno HEWA, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na moja akaona ni bombone. "Kwa hiyo ya kwake," akasema.

"Ya kwake ilikwisha, mwanangu. Ilikwisha mbele ya wewe kuamuka. Hii yote ni ya mimi."

Kasoki alingoja iume. Alisimama pale akingoja kama mtu aliyepigwa na anayejua maumivu yako njiani, na maumivu hayakufika, au yalifika mahali pengine. Alichokiona ni asubuhi zile zote. Yeye anatoka na beseni, ameridhika, Donat bado yuko kwenye nne. Na nyuma yake bibi kizee anafunga kitenge juu ya magoti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Uliamuka, ukakuja hapa, ukaangalia, ukaenda kukunywa chai. Mara ya kwanza unakunywa chai. Nikasema, aa, ni hii inamusimamisha. Basi sikuweza kuacha tena. Mara arobaini kwa siku. Siku ya mvua, arobaini. Siku niko na malaria, arobaini."

"Mama."

"Si kazi kubwa. Kulima ni kubwa."

Kasoki alipiga magoti mbele ya sanduku lile. Aliona aibu, na ninasema aibu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ya moto, mpaka masikioni. Mwaka mzima aliishi na mama wa marehemu kama mtu anavyoishi na mpangaji. Alimpa chakula, alimpaka dawa, na moyoni alikuwa amemwandika mgumu na kufunga ukurasa. Akamwuliza kile ambacho alipaswa kukiuliza mwezi wa kwanza: "Na wewe, Mama? Wewe ni nini ilikuwa inakusimamisha?"

Bibi Masika alifikiri. Lilikuwa swali geni, hakuna aliyewahi kumwuliza. Watu wa kanisa walikuja wakampa Kasoki pole ya mjane, na pole ya mama ikapita juu ya kichwa cha Bibi. Aliangalia mikono yake.

"Kupompa," akasema.

Nje mtu alikuwa anaburuta jerikeni kwenye mawe. Bibi alijishika bega, akalizungusha, akakunja uso. "Lakini nimechoka, Mama Daniella," akasema. "Nilikuwa nasema nikufikishe mpaka matanga, kisha Mungu ataona. Sasa umejua. Nimechoka kweli. Ifungule."

"Hapana, Mama. Nitapompa mimi."

"Utapompa mpaka lini? Utapompa hewa yako, utaniambia ni ya Donat?" Hakusema kwa ukali. "Kasereka iko na watoto, na umeme haiko. Ifungule. Mimi sitaweza, ni mimi niliitia."

Kasoki aliinuka. Alishika robine, na vidole vyake vilifahamu kwamba havijawahi kuigusa. Ilikuwa ngumu. Aliikaza upande usio wake kwanza, kisha akaizungusha, na hewa ikatoka kwa nguvu, baridi, yenye harufu ya kutu na kidogo ya gesi ya zamani, ikapeperusha vumbi la mbao. Mlio wake ulijaza kibanda. Hakukuwa na mtu ndani ya mlio ule. Kasoki alisikiliza kwa makini kabisa na hakumkuta.

Alipogeuka, Bibi Masika alikuwa amesimama. Alikuwa amenyoosha kiganja mbele ya robine, kama mtu anayepima maji kama yamepoa, na hewa ilikuwa inampita kati ya vidole. Arobaini kwa siku, miezi kumi na moja, na mlio ulikuwa tayari unapungua. Mdomo wake ulifunguka. Akaita jina, si Donat, bali lile jina la nyumbani ambalo Kasoki hakuwahi kulisikia, jina la mtoto anayenyonya. Akaliita tena kwa sauti ambayo majirani waliisikia hadi barabarani, na mwili wake ukaenda chini. Siku ya maziko hakulia hivyo, kwa sababu siku ile alikuwa na kazi, alikuwa amemshika Kasoki kiunoni tangu nyumbani hadi kaburini ili asianguke, na Kasoki hakukumbuka jambo hilo mpaka sasa, alipomdaka yeye, kwa mikono yote miwili, mzito, akimwambia, "Lia, Mama. Niko. Nimekushika."